Halafu Anakuwa Nani? Maisha ya Tabia binti Abdala wa Mlingotini

Kwa jina la Mungu, asiyezaliwa na asiyeacha mtu. Haya ni maisha ya ndugu yetu Tabia binti Abdala, aliyefariki alfajiri ya Alhamisi, siku ya nne ya mwezi wa Rajabu, mwaka 1303 wa Hijria. Yanasomwa leo Jumamosi, siku ya kuondoa tanga, nyumbani kwa mumewe hapa Mlingotini. Mumewe, Bwana Mrisho, ameniomba niyaandike kwa kuwa nililelewa pamoja na marehemu chini ya paa moja na nimesoma chuoni Unguja. Ameniomba pia nisimpambe mtu. Nimejitahidi kutii.

Tabia alizaliwa pande za Kerege, mwaka ambao hakuna anayeujua. Kipindupindu cha mwaka 1286 kiliingia kijijini kwao na hakikuacha mtu wa kusema mama yake aliitwa nani. Wachuuzi wa chumvi walimkuta njiani, mtoto wa miaka kama sita, amekaa kando ya mtungi mtupu, wakamleta pwani. Alipoulizwa jina alijibu Tabia. Alipoulizwa jina la baba alinyamaza, wakamwita binti Abdala, kama sisi wote tulioingia nyumba ile bila baba wa kutajwa. Abdala maana yake ni mja wa Mungu, na kila mwanadamu ni mja wake, kwa hiyo jina hilo halikuwa uongo.

Nyumba yenyewe mnaijua. Ilikuwa ya Bibi Chausiku, Mungu amrehemu, mjane asiye na mtoto, aliyeiweka wakfu pamoja na shamba lake la minazi kwa ajili ya mayatima. Leo yeyote anayetaka kuonekana mwema hulitaja jina lake. Ni wachache wanaotaja alichokisema. Nitakitaja mimi.

Mwezi wa Safar, mwaka 1289, tufani kubwa iliangusha minazi yote ya shamba lile. Asubuhi yake Bibi Chausiku hakulia. Aliwapanga watoto mstari mmoja, akampa kila mtoto miche yake na jembe, akawaita wazee wa mji waje watazame. Mwalimu Bwanausi, aliyetufundisha sote na ambaye amekaa hapa mbele yangu, alikuwapo. Bibi akasema, "Ardhi ni ya wakfu, haigawanywi wala haiuzwi. Lakini mnazi una mwenyewe aliyeupanda, na hayo ndiyo mazoea yetu tangu zamani. Mtoto akikua na kutoka nyumba hii, atatoka na minazi yake, na mahali pa kujenga kibanda, na msimamizi wa nyumba atamsimamia kama baba mpaka siku ya ndoa yake." Wazee wakasema wamesikia. Baadhi yao wamo humu ukumbini, na masikio yao hayajaziba.

Tabia alipanda miche yake siku ile. Kisha akapanda na ya watoto wasioweza kushika jembe. Seleman alikuwa anajua kukaa tu, na Dija alikuwa mgongoni. Tabia alikishika kiganja cha kila mmoja, akakiweka juu ya udongo, akakishindilia, ili mtu asije akasema hawakupanda. Aliinywesha kwa buyu miaka miwili, ya kwake na ya wale wadogo, na mara nyingi ya wale wadogo kwanza.

Elimu yake aliipata chuoni kwa Mwalimu Bwanausi. Alisoma upesi, na alikuwa na ulimi. Siku moja mwalimu alikuwa akitueleza haki za yatima, jinsi Mungu alivyokataza kula mali yake. Tabia akauliza kutoka nyuma ya mkeka, "Mwalimu, mtu ni yatima mpaka lini?"

"Mpaka abalehe, binti yangu."

"Halafu anakuwa nani?"

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alifunga msahafu, akasema, "Hilo utaniuliza kesho." Tabia alimwuliza kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mwalimu akawa akimwona tu anasema, "Bado, Tabia, bado natafuta." Hata alipokuwa mtu mzima, wakikutana sokoni, salamu yao ilikuwa hiyo. Alisema, "Shikamoo mwalimu." Mwalimu akajibu, "Marahaba, bado."

Bibi Chausiku alifariki mwaka 1293, na usimamizi ukaenda kwa mtoto wa kaka yake, Bwana Mwinyijuma. Yumo humu leo, na nasema mbele yake, kwa sababu kusema nyuma ya mtu ni kusengenya.

Mwaka 1296 minazi ya tufani ilianza kuzaa. Mwaka huohuo Bwana Mwinyijuma alianza kuona kwamba watoto wa nyumba ile wamekua. Miaka yote ya kumwagilia walikuwa wadogo. Yalipotokea madafu ya kwanza, ghafla wakawa watu wazima.

Wa kwanza kutolewa alikuwa Mohamedi, kijana mpole, hodari wa kukwea. Alitoka bila kitu na bila mtu. Alikwenda Bagamoyo, akajitwisha mzigo na msafara wa bara, kwa kuwa mpagazi haulizwi kwao. Msafara ulirudi bila yeye. Watu wengine walikuja kuulizia ndugu zao, huyu kaachwa njiani na homa, yule kabaki Unyanyembe. Wa kumuulizia Mohamedi hakuwapo, isipokuwa Tabia. Alitembea kwa miguu mpaka Bagamoyo, akamkabili mkuu wa msafara.

"Mohamedi ni nani kwako?"

"Ndugu yangu."

"Ndugu wa baba mmoja?"

"Wa nyumba moja."

"Nyumba haizai," akasema yule bwana, na watu wake wakacheka. Hawakumwambia lolote, na mpaka leo hatujui kama Mohamedi alikufa, au aliuzwa, au yu hai mahali akijiuliza kwa nini hatukumtafuta. Mtu asiye na wa kumuulizia hupotea hata akiwa barabarani mchana kweupe. Hilo ndilo lililompata Mohamedi, na halikuletwa na simba.

Miezi mitatu baadaye ilikuwa zamu ya Tabia. Bwana Mwinyijuma alimwita barazani, mbele ya wageni wake waliokuwa wakinywa kahawa, akamwambia kwa sauti ya upole, "Umekua, mama. Kinda akiota mbawa huruka."

Tabia akasema, "Huruka kutoka kwenye mti wake, bwana. Wangu uko wapi?"

Wageni wakacheka. Bwana Mwinyijuma akasema, "Shamba ni la mayatima. Na sheria inasema hakuna uyatima baada ya balehe. Kawaulize wenye elimu."

Wenye elimu wanajibu leo. Ni kweli, uyatima huisha kwa balehe. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba siku unapoisha, mlezi amwite mtoto, amtazame kama ana busara ya kushika mali, na akiwa nayo amkabidhi kilicho chake mbele ya mashahidi. Mungu hakuweka balehe iwe mlango wa kumtupa mtu nje. Aliiweka iwe siku ya kukabidhi. Bwana Mwinyijuma alisoma nusu ya hukumu akaifunga, kama mtu anayekula nazi akampa mwenzake kifuu, kisha akataka shukrani. Na wale waliokunywa kahawa yake siku ile, wakajua kwamba hukumu ina nusu ya pili wakanyamaza, nao wana sehemu yao katika kilichofuata.

Tabia alitoka na kaniki aliyoivaa na mkeka mmoja. Alilala Bagamoyo barazani kwa mpika vitumbua, na asubuhi alimsagia mchele ili kulipia baraza. Mabwana wawili walimwambia kwa nyakati tofauti kwamba mwanamke asiye na mtu ni heri awe wa mtu. Aliwajibu kwamba yeye ana watu, ila wametawanyika. Baada ya mvua alirudi Mlingotini, akaomba pahali pembeni mwa kijiji kwa wavuvi, wakampa, nao hawakuwa wamemwahidi kitu chochote.

Kazi yake ilikuwa kusuka makuti ya kuezekea. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na paa lake halikuvuja. Lakini kuti halisukwi bila mnazi, na minazi ya karibu ilikuwa ile ya shamba la wakfu. Bwana Mwinyijuma akakubali kumpa makuti mabichi kwa masharti ya nusu: akisuka, nusu yake, nusu ya shamba. Kwa hiyo kwa miaka saba Tabia alisuka makuti ya minazi aliyoipanda mwenyewe, na nusu alimrudishia mtu ambaye hakuimwagilia hata kwa buyu moja. Nilipokuja kumtembelea kutoka Unguja nilikasirika kwa niaba yake. Aliinua kuti moja akanionyesha. "Hili ni la mnazi wangu wa pili, ule uliopinda. Namjua kwa ukaidi wake. Kila siku ananiuliza nitarudi lini."

"Na wewe unamjibuje?"

"Namwambia azae kwanza, nitakuja na watu."

Watu hao alikuwa akiwakusanya. Kibanda chake kilikuwa na chumba kimoja na vitanda vya kamba zaidi ya watu waliokuwamo. Kila kijana aliyetolewa katika nyumba ile baada ya Mohamedi alikuta taa ya Tabia na mkeka umetandikwa. Aliwafundisha kusuka, akawatafutia mafundi wa kuwachukua, akaenda kuwaulizia huko walikokwenda. Mafundi wa Bagamoyo walimzoea. Mwashi mmoja alimwambia, "Bibi, wewe ni mama yake au askari wake?" Akajibu, "Mimi ndiye nitakayekuuliza akipotea." Hakupotea hata mmoja tena. Watu wa mji huu walimsifu kwa huruma, na wakamwita mtoa sadaka. Alichukia sana neno hilo. Alisema sadaka humpa sifa mtoaji, na yeye hataki mtu asifiwe kwa kumpa Dija mnazi wa Dija.

Kuhusu ndoa yake, yapo mawili ya kusemwa. Mwaka 1298 tajiri mmoja wa pembe za ndovu alimwona akasema anamtaka. Bwana Mwinyijuma alimpokea vizuri sana tajiri yule. Alimkalisha, akamwambia, "Tabia ni binti yangu, nimemlea kwa mikono hii." Tabia alikataa, na binti akafutwa ubinti siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata akaposwa na Bwana Mrisho, fundi wa kutia kalafati, wa kuziba nyufa za vyombo vya bahari, mtu wa maneno machache na mikono inayonuka mafuta ya papa. Mrisho alikwenda kwa Bwana Mwinyijuma kwa adabu zote, kumwomba awe walii, msimamizi wa mwanamke katika ndoa, kama Bibi Chausiku alivyoagiza. Jibu lilikuwa hili: "Mimi si baba yake. Yule ni mtu mzima." Kadhi ndiye aliyemsimamia, kwa kuwa asiye na walii, walii wake ni hakimu. Ndoa ilifungwa mwezi wa Shaabani, mwaka 1299. Bwana harusi alikuwa na kanzu ya kuazima, na bibi harusi aliezekewa paa jipya na vijana wake wote kwa asubuhi moja. Mungu aliwajalia binti, Mwanvita, ambaye ana miaka mitatu.

Masika ya mwaka huu yalianza mapema na kwa ukali. Mwezi uliopita, wa Mfunguo Tisa, nyumba ile iliwatoa vijana wawili wa kiume katikati ya mvua. Kibanda kilikuwa kimejaa. Tabia alijenga kipenu ubavuni, na kwa kuwa makuti ya kutosha hayakuwapo, nusu ya shamba ikiwa imekwisha kuchukuliwa, aliyatoa ya upande wa kitanda chake mwenyewe. Mrisho alikuwa Kaole kazini. Aliporudi alikuta mkewe ameloa, kifua kinamchoma, naye anacheka kwamba sasa anaziona nyota bila kutoka nje. Kilikuwa kichomi. Alipewa dawa za miti, akasomewa, akaandikiwa kombe la aya akanywa. Homa haikushuka. Siku ya mwisho Mrisho alimuuliza anataka nini. Alisema, "Dija na Seleman watatolewa mvua zikikatika. Watandikieni." Hakusema neno jingine la kueleweka. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu.

Mimi sisemi kwamba Bwana Mwinyijuma alimuua. Mwenye kufisha ni Mungu. Nasema kwamba mwanamke aliyepanda minazi kwa mkono wake alikufa kwa kukosa makuti, na atakayeweza kulielezea hilo kwa njia ya heshima namkaribisha asimame baada yangu.

Sasa nitaeleza mazishi, kwa sababu wanawake wa nyumba hii hawakuwapo makaburini, na wanayo haki ya kujua.

Asubuhi ya Alhamisi Bwana Mwinyijuma alifika kabla ya wengi, na sanda, na ubani, na mchele wa waombolezaji. Aliwaambia watu kwamba amefiwa na binti. Mji mzima ulikuwa unakuja, vijana walitoka Bagamoyo na mafundi wao, na mtu wa cheo hapendi kuona kilio kikubwa hivyo akiwa pembeni. Alitaka awe mwenye maiti. Bwana Mrisho alikuwa amekaa chini, mtoto mapajani, hakuwa na nguvu ya kubishana.

Mnajua mazoea yetu. Kabla maiti hajateremshwa, mwenye maiti husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu aseme, na aliye na haki ya marehemu aseme, ili asiteremke na mzigo. Bwana Mwinyijuma alisimama kando ya kaburi, akapaza sauti mpaka waliokuwa nyuma wakasikia.

"Huyu ni mwanangu, nimemlea. Mwenye haki kwake asimfuate kaburini, anijie mimi. Kila aliyeahidiwa kitu katika mlango wangu na wake, anijie mimi."

Mwalimu Bwanausi akamuuliza taratibu, "Umesema, Mwinyijuma?"

"Nimesema, mwalimu."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya watu hawa."

"Haya. Tumesikia."

Hapo Seleman, aliyekuwa ameshika kikapu cha udongo, akasema kwa adabu, "Bwana, ile minazi aliyonipandia marehemu, nikujie lini?"

Mtu mmoja alikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Bwana Mwinyijuma akasema, "Tuzike kwanza, mwanangu."

Seleman akasema, "Ahsante, baba."

Tukazika.

Jana baada ya sala ya Ijumaa alikuja mjumbe hapa. Alileta maneno kwamba Bwana Mwinyijuma ameona huruma, na atampa Mwanvita minazi ya mama yake, yote, mbele ya mashahidi. Sharti ni kwamba habari za wengine zisisemwe tena, na maandishi haya yasisomwe. Nakiri kwamba nilitaka kukubali, kwa ajili ya mtoto. Bwana Mrisho alimsikiliza mjumbe mpaka mwisho, akaosha mikono, akajibu, "Mwambie ahsante. Mwanvita ana baba. Wapewe kwanza wale wasio naye."

Mwalimu Bwanausi alikuwa amekaa mlangoni. Aliniambia, "Andika kwamba nimepata jibu. Aliniuliza yatima akibalehe anakuwa nani. Anakuwa mwenye haki. Tulimchelewesha kwa sababu tulikuwa tunatafuta jibu lisilomwudhi mtu." Nimeandika kama alivyosema.

Marehemu ameacha mume, Bwana Mrisho, na binti, Mwanvita. Ameacha ndugu waliotoka nyumba ya Bibi Chausiku, waashi, maseremala na wasukaji, wote wakiitwa kwa jina la Abdala. Ameacha Dija na Seleman, ambao kwao nyumba itafungwa mvua zikikatika, na wadogo waliomo bado, ambao hawajui kwamba watakua. Ameacha minazi iliyosimama, na mmoja uliopinda. Amemtangulia kaka yetu Mohamedi, au amemfuata.

Baada ya dua hatutakunja mikeka. Tutakwenda shambani sote, mwalimu mbele yetu, na wazee waliosikia mwaka wa tufani, na wale waliosikia juzi makaburini. Kila mtoto atafunga kuti kwenye mnazi wake, kama afanyavyo mwenye mti, na Dija atafunga kwenye ile ambayo kiganja chake kiliishindilia udongo kabla hajajua kusema. Hatuendi kwa vita wala kwa kuomba. Bwana Mwinyijuma mwenyewe alisema tumjie, mbele ya maiti na mbele ya watu. Basi tunakuja.

Ewe Mola, mpokee Tabia, mja wako na binti wa mja wako, aliyewatandikia wengine. Mtandikie pema, umpe pumziko asilolipata kwetu.

Mbaruku bin Abdala, ndugu yake.